Damu Haikuharibika Njiani

Kaluki hajawahi kuozesha kitu maishani mwake. Naanza na hilo kwa sababu kuna kitabu kinachosema vingine, na aliyeandika ndani ya kitabu hicho ni mimi, Kimanzi, mtu wa maabara, mwenye koti jeupe na kalamu mfukoni. Nina hasira. Nimekuwa nayo tangu Agosti ya mwaka jana, na wanaoniambia nitulie nawaomba waniache. Nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe, na hiyo haina dawa. Nusu nyingine ina wenyewe.

Kaluki ni mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye hatua za haraka. Alitoka Kitui akiwa msichana na akapanga chumba mtaa wa Kawangware 46, Nairobi, na hajahama tangu hapo. Miaka kumi na minane aliuza maziwa. Alichukua mtungi wake wa alumini alfajiri, akauvika gunia lililoloweshwa maji, akapita ploti kwa ploti kabla jua halijapanda. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni nilipanga ploti ya pili kutoka kwake, na maziwa yake nimeyanywa miaka minne mizima bila kukatika hata mara moja. Hilo nalo liandikwe, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Alikuwa na desturi moja ambayo watu wote wa 46 wanaijua. Mteja akimlalamikia kwamba maziwa yamekatika jikoni, Kaluki hakubishana. Alirudi na mtungi uleule, akakaa mlangoni kwa mteja, akaomba jiko, akachemsha kikombe kimoja katika sufuria yake mwenyewe, na kingine katika sufuria ya mteja. Kama yote mawili yamekatika, mtungi una makosa, na Kaluki alimwaga yaliyobaki mtaroni mbele ya watu wote. Kama yake yamesimama na ya mteja yamekatika, basi mteja akaioshe sufuria yake vizuri. Sijawahi kusikia kwamba alimwaga zaidi ya mara mbili.

Kisha zikaja mashine za maziwa, kila kona mashine, unaweka sarafu na maziwa yanatiririka, na biashara ya mtungi ikafa. Nesi mmoja wa kliniki ya Kibera, aliyekuwa mteja wake zamani, akamwambia kuna mradi wa utafiti unaotafuta mtu wa kubeba damu kutoka kliniki hadi maabara. Walitaka mtu anayejua njia za miguu, kwa sababu barabarani gari linaweza kusimama saa nzima. Kaluki akauliza swali moja tu, kama damu huharibika upesi kuliko maziwa. Nesi akamwambia ndiyo. Kaluki akaichukua kazi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa Daktari Gichuru, mwanasayansi wetu, mtu msomi na mcheshi, na kwa kweli simwoni kuwa mtu mbaya, jambo ambalo linanikera zaidi kuliko kama angekuwa mbaya. Alikuwa anachunguza watoto waliowahi kulazwa kwa homa kali. Alitaka kujua kuhusu vipokezi vilivyo juu ya chembe za damu, yaani vile vishikio vidogo ambavyo chembe hutumia kukamata uchafu, na kuhusu protini zinazoitwa komplimenti, ambazo huelea ndani ya damu zikilinda mwili. Protini hizi hufanya kazi kama watu wa ploti mwizi anapoonekana. Wa kwanza humshika mdudu na kupiga kelele, wa pili huja, wa tatu huja, na wa mwisho kabisa hutoboa tundu kwenye ngozi ya mdudu mpaka anapasuka. Mmoja akikosekana, kelele zinapigwa lakini mdudu hatobolewi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuonekana mzima kabisa, akacheza na akala, mpaka siku mdudu wa homa ya uti wa mgongo atakapompata. Na akishampata mara moja, hurudi tena.

Kazi yangu ilikuwa kupima kama protini hizo zinafanya kazi. Kipimo ni cha zamani na ni rahisi kukiona kwa macho. Unachukua chembe nyekundu za damu ya kondoo, zilizoandaliwa ili komplimenti izione kama adui, unazichanganya na maji ya damu ya mtoto, unazipasha joto kama la mwili, unangoja. Komplimenti ikiwa nzima, chembe zinapasuka na maji yote ya kwenye chupa yanakuwa mekundu. Ikiwa haifanyi kazi, chembe zinatua chini zikiwa kitone, na maji juu yake yanabaki meupe. Tatizo ni kwamba protini hizi hazipendi joto. Damu ikikaa juani, nguvu yake inapungua, ndiyo maana Kaluki alipewa boksi la barafu lenye kipimajoto, na karatasi ya kuandika digrii akiondoka na digrii akifika.

Aliandika kila siku. Nne, tano, nne, sita. Mwandiko wake ni mkubwa, wa mtu aliyeachia shule darasa la saba, na karatasi zile zote tunazo kwenye faili. Hakuna aliyezisoma.

Machi ya mwaka jana ililetwa damu ya mvulana wa miaka tisa kutoka Soweto West, kulekule Kibera, anaitwa Ambrose. Alikuwa amelazwa mara mbili kwa homa ya uti wa mgongo, mara mbili akapona. Baba yake, Wangila, ni fundi wa mawe. Mama yake, Nasipwondi, anauza nguo za watoto za mitumba katika Soko la Toi, na wote wawili wametoka Bungoma. Nilipima damu ya Ambrose asubuhi ileile. Maji yakabaki meupe. Kitone chini, basi.

Nikamwita Daktari Gichuru. Akaiinua ile chupa ndogo, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii imeletwa na nani?"

"Kaluki."

"Yule mathe wa Kawangware? Hiyo imeenda. Mimi nilimwona Toi juzi, ako kwa stall ya mitumba na boksi letu liko chini kwa jua. Andika imeharibika, waambie clinic warudie."

"Karatasi inasema digrii nne, Doc."

"Si ni yeye anajiandikia?"

Tukacheka. Ndiyo, nilicheka na mimi. Kisha nikafungua kitabu cha sampuli, na mbele ya namba ya Ambrose nikaandika: Imeharibika njiani. Mbebaji: Kaluki.

Sasa nitasema jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua. Damu iliyokaa juani saa moja inapoteza nguvu kidogo. Haifi yote. Ili ife kabisa namna ile, isipasue hata chembe moja, Kaluki angekuwa ameichemsha. Nililijua hilo, na nilikuwa nimelifanyia mtihani nikalipasi. Lakini damu ilikuwa imetoka Soweto West, imebebwa na mama muuza maziwa aliyevaa viatu vya raba, ikapitia sokoni, na akili yangu ikaona hayo ikaishia hapo. Sikuhitaji ushahidi zaidi. Natoka Kitui kama yeye, nimekunywa maziwa yake, na bado nilimwona kama walivyomwona wengine.

Na stall ya Toi? Nitasema pia. Siku ile alikuwa ananunua shali ya mtoto ya sufu, ailoweshe maji na kuliviringishia boksi, kama alivyokuwa akiuvika mtungi gunia. Boksi la mradi lilikuwa na ufa kwenye kifuniko. Alikuwa ameripoti mara tatu na hakuna aliyempa lingine. Nyani haoni kundule.

Kliniki ikamwita Ambrose tena. Nesi akamwambia mama yake kwamba damu iliharibika njiani. Nasipwondi hakuhitaji kuuliza ni nani aliyekuwa njiani, kila mama wa Soweto West alimjua Kaluki na boksi lake. Mtoto alichomwa sindano mara ya pili huku akilia, na Kaluki akatembea na damu ile karibu mbio, shali ikidondosha maji mgongoni mwake. Digrii nne kuondoka, digrii nne kufika.

Nikapima. Maji yakabaki meupe.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Damu mbili za mtoto mmoja, siku mbili tofauti, zote zimekufa kabisa, na za watoto wengine zilizobebwa na mwanamke huyohuyo kwa boksi hilohilo wiki hizohizo zote ni nzima. Ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa mmoja, mstari kwa mstari. Mimi niliandika tena: Imeharibika njiani. Daktari Gichuru akamwondoa mtoto kwenye orodha, sababu ikawa sampuli hazifai, na akatia sahihi barua ya onyo kwa Kaluki. Onyo la mwisho, ilisema.

Kaluki alikuja na barua ile mkononi.

"Kimanzi, hii wameandika ati nimeharibu damu."

"Aunty, si mimi nimeandika hiyo barua."

"Kwani kwa kitabu nani aliandika?"

Nikamwambia kitabu ni cha maabara. Akaikunja barua mara nne, akaitia ndani ya sidiria yake, akaenda.

Katika Soweto West jina lake likabadilika. Kina mama wakaanza kumwita wa kuozesha damu. Wengine walikataa watoto wao kutolewa damu siku ambazo ni yeye wa kubeba. Aliendelea kuja kazini. Mtu aliyezoea kulalamikiwa mlangoni hujua kungoja zamu yake ya kuchemsha.

Juni, Ambrose aliamka na maumivu ya kichwa. Mchana shingo ikakaza. Mama yake alikuwa Toi, na jirani alidhani ni homa ya kawaida, akampa Panadol. Kesho yake saa nne asubuhi mtoto akafa. Watu wa ploti walisema ng'ombe wa maskini hazai. Mimi methali hiyo nimeichukia. Ng'ombe alizaa, ndama alikuwa mzuri, na waliomwacha afe ni sisi tuliokuwa tumepewa damu yake mara mbili tuisome. Dawa ya mtoto kama yule si muujiza. Ni chanjo, ni vidonge vya penisilini vya kila siku, na ni mama kuambiwa maneno haya: homa ikianza, usingoje, kimbia.

Jioni ya maombi, kabla mwili haujasafirishwa Bungoma, Kaluki alienda na sukari na majani ya chai kama jirani yeyote. Nasipwondi alipomwona aligeuza uso. Wanawake wawili wakalisogeza benchi ili asipate pa kukaa. Kaluki akaiweka sukari chini karibu na mlango, akasimama nje mpaka maombi yakaisha, kisha akarudi 46 kwa miguu. Haya nimeyasikia kwa nesi, Kaluki hajawahi kuniambia.

Julai, dada yake Ambrose, Musimbi, mtoto wa miaka sita, akashikwa na homa na shingo ikakaza. Safari hii mama hakungoja. Alimbeba mgongoni mpaka hospitali na Musimbi akapona. Nesi alipomsimulia Kaluki, Kaluki aliinuka kutoka pale alipokuwa ameketi, akaliacha boksi, akaenda moja kwa moja mpaka Toi, mbele ya meza ya Nasipwondi, iliyojaa sweta ndogo ndogo. Nesi alimfuata mbio, ndiyo maana najua yaliyosemwa.

"Mama Ambrose, sikuja kuomba msamaha. Sijaharibu kitu."

"Toka kwa biashara yangu."

"Nitatoka. Lakini sikiza. Hawa watoto ni wa tumbo moja. Kama damu ya Ambrose ilikuwa na shida, hata ya huyu msichana inaweza kuwa nayo, na hiyo homa itarudi. Wacha apimwe. Na mimi nitatolewa yangu, ziwekwe boksi moja. Kama boksi langu linaharibu damu, litaharibu hata yangu. Na ikiwa yangu ni mzima na ya mtoto imekufa, basi si mimi."

Nasipwondi alikunja sweta moja, akaikunjua, akaikunja tena. Alikuwa na hasira ya mtu aliyezika, na sasa ameombwa mtoto wa pili na mwanamke yuleyule.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitakuja kesho. Nitakuja kila siku. Utachoka."

Nasipwondi akakubali kwa sharti moja, kwamba boksi alifunge yeye mwenyewe. Siku ya kutoa damu alisimama kliniki akaangalia chupa mbili zikiingia kwenye boksi, ya Musimbi na ya Kaluki. Kisha akararua ukanda kutoka kwenye kitambaa cha meza yake ya sokoni, alichokuja nacho, akalifunga boksi kwa mafundo matatu ya kwake, ili mtu yeyote asiseme lilifunguliwa njiani. Kaluki akalivisha shali iliyoloa, akaondoka.

Aliingia maabara saa tatu na nusu. Kwa kawaida alikabidhi boksi dirishani. Siku hiyo alipita mlango ulioandikwa wafanyakazi tu, akaliweka juu ya meza yangu, akavuta kiti.

"Leo sitoki hapa mpaka nione."

"Aunty, huku hairuhusiwi."

"Nilisema sitoki."

Nilikata mafundo kwa mkasi. Kipimajoto kilisema nne. Nikaiandika mwenyewe safari hii, kwa mkono wangu. Nikaweka chupa zile mbili kwenye mashine ya kuzungusha, nikavuta maji ya damu, nikayachanganya na chembe za kondoo, nikayaingiza kwenye joto. Kaluki alikaa wima, mikono mapajani, kama alivyokuwa akikaa milangoni mwa watu. Nilijifanya kusafisha meza ambayo ilikuwa safi.

Muda ulipotimia nilitoa chupa ndogo mbili, nikazisimamisha mbele yake. Ya Kaluki ilikuwa nyekundu tupu, nyekundu ya kung'aa. Ya Musimbi maji yake yalikuwa meupe, na chini kuna kitone.

"Nieleze," akasema, ingawa alikuwa ameshaelewa.

Nikamweleza. Nilirudia kipimo, jibu likawa lilelile, na hapo ndipo nilipomwita Daktari Gichuru.

Alitazama zile chupa, akatazama karatasi ya digrii, na uso wake ukachangamka. Namjua, hiyo ndiyo furaha yake ya kweli, na wakati wowote mwingine ningeifurahia pamoja naye.

"Kimanzi, unajua hii ni nini? Huyu mtoto hana moja ya zile protini za mwisho. Mimi nimesoma kuhusu hizi miaka yote, sijawahi kushika moja kwa mkono. Hii ni kubwa sana." Akapiga simu palepale, na sitamnyima haki yake, kufikia saa nane Musimbi alikuwa ameandikiwa chanjo na penisilini. Kisha akakaa kwenye ukingo wa meza, akakuna kidevu. "Na alikuwa na ndugu, si ndiyo? Aliaga. Aisee. Tungekuwa na wawili wa familia moja, ingekuwa data safi kabisa."

Kaluki aliinuka kutoka kwenye kiti.

"Mlikuwa nao wawili, daktari."

Gichuru akaacha kukuna kidevu.

"Mlikuwa naye Machi," Kaluki akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nilimleta hapa mara mbili. Baridi. Mkaniandikia barua." Akaitoa ile barua kifuani, imechakaa mikunjo, akaiweka kando ya chupa nyekundu. "Hii sitaki. Na kwa kile kitabu muandike ukweli."

Daktari akasema barua itaangaliwa. Kuhusu kitabu akasema faili la Ambrose lilishafungwa, mtoto hayumo tena kwenye utafiti, na kumbukumbu za maabara hazibadilishwi ovyo. Alisema kwa upole. Alikuwa tayari anafikiria makala yake, na makala hiyo sasa anaiandika. Nimeiona rasimu. Damu ya Kaluki imo, imetajwa kama damu ya kulinganishia, ya mwanamke mmoja mzima wa afya. Nani aliyefikiria kulinganisha, rasimu haisemi.

Nami siku ile nilifanya nini? Niliosha chupa. Hasira yangu ilianzia hapo, kwenye sinki, na ilianza na mimi.

Kesho yake Kaluki alinichukua mpaka Soweto West. Sisemi nilienda, alinichukua. Nasipwondi alikuwa ameketi nje ya mlango, Musimbi yuko kati ya magoti yake anasukwa nywele. Nesi alikuwa ameshamweleza kuhusu dawa. Alikuwa na swali moja lililobaki, na alimuuliza Kaluki.

"Ambrose alikuwa na hiyo hiyo?"

"Alikuwa nayo."

"Na huko maabara walipima?"

"Walipima. Mara mbili."

"Sasa waliona nini?"

Kaluki alikuwa na haki ya kusema. Miezi yote ile ya kuitwa mwozeshaji, benchi lililosogezwa, sukari iliyoachwa mlangoni, yote angeweza kuyalipa kwa sentensi moja. Akanigeukia.

"Mwambie wewe. Ni wewe uliandika."

Nikasema. Nilimwambia kwamba jibu la Ambrose lilikuwa sahihi mara zote mbili, na kwamba nililiona kwa macho yangu, na kwamba nilimtwika lawama aliyebeba kwa sababu ilikuwa rahisi. Sikumtaja Gichuru. Yeye alisema andika, lakini kalamu ilikuwa yangu.

Nasipwondi hakupiga kelele. Aliendelea kusuka mpaka akamaliza mstari, akafunga uzi. Kisha akamwambia Musimbi alete stuli, na stuli ile akaisogeza nyuma ya Kaluki. Kaluki akakaa. Mimi nilibaki nimesimama, na hapo ndipo nilipostahili.

"Nataka kuona hicho kitabu," Nasipwondi akasema.

Wageni hawaruhusiwi kwenye maabara yetu, na kitabu cha sampuli hakionyeshwi kwa mtu wa nje. Jumatatu saa nne niliwafungulia mlango wote wawili. Aliyekuwa zamu langoni aliniuliza ni kina nani, nikamwambia ni wenye damu. Kwa kosa hilo nimepewa barua yangu mwenyewe ya onyo, na nimeikunja mara nne nikaiweka mahali pazuri.

Nilikifungua kitabu kwenye ukurasa wa Machi, nikamwonyesha Nasipwondi namba ya mwanawe. Aliweka kidole juu yake. Akasoma polepole maneno yaliyofuata, akasoma na jina la Kaluki, kisha akasogeza kidole mpaka mstari wa pili, ulio na maneno yaleyale.

Nikachukua rula na kalamu. Nikapiga mstari mmoja juu ya maneno ya kwanza, mmoja juu ya yale ya pili. Nikasema nitaandika pembeni kwamba sampuli ilikuwa nzima na kosa lilikuwa la maabara.

"Maabara haina mkono," Kaluki akasema.

Nikaandika: Sampuli ilikuwa nzima. Kosa ni langu. Nikaweka jina langu lote na tarehe, mara mbili.

Nasipwondi aliinama kuutazama ule ukurasa. Chini ya mistari yangu maneno ya zamani yalikuwa yanaonekana bado, kila herufi. Akauliza kwa nini sikuyafuta kabisa.

"Sheria yetu ni mstari mmoja tu, Mama Ambrose," nikamwambia. "Hairuhusiwi kufuta. Kosa lazima liendelee kusomeka."

Akaondoa kidole chake kwenye namba ya mtoto.

"Basi lisomeke," akasema.